Mwalimu wa Sekondari na Darasa Asiloliona
Elimu ya masafa, yaani masomo yanayotolewa mwalimu akiwa mahali pamoja na mwanafunzi pengine, haikuwa jambo geni nchini Kenya kabla ya janga la UVIKO-19, kwani vipindi vya redio vya shule vilikuwa vimesikika kwa miongo mingi. Lililokuwa geni ni kuifanya njia hiyo ya pembeni iwe ndiyo shule yenyewe, tena kwa vijana wa sekondari ambao wengi wao, hasa wa shule za bweni, walikuwa wakinyang'anywa simu wakionekana nazo.

Baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutangaza tarehe 15 Machi 2020 kwamba masomo yangesitishwa, wanafunzi wa kutwa walibaki nyumbani kuanzia siku iliyofuata, na wale wa bweni wakapewa hadi tarehe 18 wawe wamefika kwao. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ijulikanayo kwa kifupi kama KICD, ilipeleka masomo hewani kupitia redio, televisheni na intaneti, na mwezi Julai mwaka huohuo yakaanza kutumika hata maputo ya kusambaza mtandao katika sehemu za nchi zisizofikiwa vizuri na minara. Lakini puto, hata likielea juu kiasi gani, halimnunulii mzazi bando.

Walimu wengi walikimbilia chombo walichokuwa nacho tayari, nacho ni kundi la WhatsApp. Mwalimu wa hisabati alikokotoa mlinganyo kwenye karatasi, akaupiga picha, akautuma pamoja na maelezo ya sauti, kisha akasubiri majibu yaliyorejea kwa njia hiyohiyo: ukurasa wa daftari uliopigwa picha kwa mwanga hafifu, umekaa upande, na penseli haisomeki mpaka picha ivutwe kwa vidole kipande kwa kipande. Darasani mwalimu huyohuyo hupita kati ya madawati na kuona kalamu zikisita pale alama ya kutoa inapobadilika kuwa ya kujumlisha, naye hurudi ubaoni kabla hajaulizwa, ilhali katika simu alama mbili za buluu humwambia tu kwamba ujumbe umefunguliwa, pasipo kumwonyesha nani ameuelewa wala nani amenakili jibu la mwenziwe. Redio ilikuwa na upungufu mkubwa zaidi, kwa kuwa mtangazaji wa somo huenda kwa mwendo mmoja na hana namna ya kujua kwamba msikilizaji ameachwa nyuma.

Masomo ya sayansi yalipata pigo la aina yake, maana mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, KCSE, una sehemu ya vitendo, ambamo mtahiniwa wa kemia hudondosha asidi tone baada ya tone mpaka rangi ya mchanganyiko igeuke, na ustadi wa kufunga mrija kwa wakati ufaao haupatikani kwa kutazama video.

Hata hivyo, jambo zito zaidi lilihusu usawa. Shule ya bweni, pamoja na kasoro zake zote, huwapa mtoto wa wakili na mtoto wa kibarua taa moja, kengele moja na saa zilezile za kujisomea jioni; walipotawanyika, kila mmoja alirudi kwenye uwezo wa kwao, mmoja akiwa na kompyuta na chumba chake, mwingine akiisubiri simu ya mama irudi kutoka sokoni usiku, baada ya yeye mwenyewe kushinda shambani au akilea wadogo zake. Walimu nao hawakuwa sawa, kwa sababu walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, waliendelea kulipwa na serikali, ilhali wale walioajiriwa na bodi za shule, ambao mishahara yao hutokana kwa sehemu kubwa na karo, wengi walikosa malipo pale karo ilipokoma, na ni vigumu kumdai mtu wa namna hiyo anunue bando la kufundishia.

Mnamo Julai 2020 Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea, tamko ambalo kwa mwalimu aliyekuwa akisahihisha kazi katika simu hadi usiku lilimaanisha kwamba juhudi zake hazikuhesabiwa katika kalenda. Kidato cha nne kiliporejea tarehe 12 Oktoba, na wanafunzi wengine kufuata Januari 2021, mwalimu alikuta madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, la waliosoma na la wasiosoma, na hakupewa muda wa kuyaunganisha, kwani mihula ilifupishwa na likizo zikabanwa ili kalenda irudi mahali pake, jambo lililotimia Januari 2023, wakati wengi wa wanafunzi hao walikuwa wameshamaliza shule.