Betri Iliyokufa Ingali na Sumu
Kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay na Liuli kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wengi wetu tunawasha taa za nyumba na misikiti kwa betri za sola. Betri ikifa huuzwa kama chuma chakavu, ilhali nyingi zimebeba madini ya risasi na tindikali.

Tuzingatie yaliyowafika jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofunguliwa mwaka 2007 kilieneza risasi katika makazi yao kwa moshi na majitaka. Mwana wa Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliugua. Mama huyo akawaongoza wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa 2014, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa ushindi wa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini fidia hairejeshi akili ya mtoto iliyodhuriwa na risasi.

Dini yetu imeharamisha kudhuru nafsi na jirani. Basi betri isipasuliwe, tindikali isimwagwe ziwani, wala risasi isiyeyushwe uani kutengeneza uzito wa nyavu. Fundi avue nguo za kazi na aoge kabla ya kuwapakata wanawe. Na mnunuzi wa chakavu aulizwe kwanza kibali cha mamlaka ya mazingira.