"Pikapu" na "Kupick": Neno Dogo Lililoachwa Steji

Simama asubuhi kwenye steji ya Mbotela, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, usikilize watu wakiongea kwa simu. "Nitakupick saa mbili." "Nilikupigia, hukupick." Seremala anamwambia mteja wake: "Pikapu inakuja kupick mzigo."

Sentensi ya seremala ina somo zima la lugha. Mwingereza angesema pick up, kitenzi pamoja na kijineno chake. Sisi tumekichukua kijineno hicho katika jina la gari, kikaganda humo kiasi kwamba hatukisikii tena, lakini katika kitenzi tumekiacha. Josef Schmied, mwanaisimu aliyekichunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki kwa miaka mingi, ameitaja tabia hii ya kuacha vijineno miongoni mwa sifa za Kiingereza hicho.

Chanzo si uvivu. Kiswahili hutia mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe. Abiria hupanda, hushuka, huingia, hutoka. Akikaribia kwake hupaza sauti: "Shukisha!" Neno hilo moja lina mwendo wa kwenda chini, na kiambishi -ish- kinamtaka dereva ausababishe. Mwingereza kwa kazi hiyo hutumia get, halafu huongeza on, off, in au out. Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy alizipanga lugha kwa msingi huo: kuna zinazoweka njia ya mwendo ndani ya kitenzi, kama Kihispania, na zinazoiweka pembeni, kama Kiingereza. Kwa panda na shuka zetu, sisi tuko karibu na Mhispania kuliko Mwingereza. Ndiyo maana up huonekana kwetu kama mzigo usio na kazi.

Simu nayo imeuzidisha ugumu wa kuiona kazi ya up. Ile ya waya ilikuwa na mkono uliolala juu ya kitako chake, na kuipokea kulikuwa kuuinua mkono huo. Hapo up ilionekana kwa macho. Leo tunagusa kioo tu, wala hakuna kinachoinuliwa.

Hata hivyo, kijineno hicho hubadilisha maana. Pick peke yake ni kuchagua, au kuchuma tunda mtini. Pick up ni kuokota kilichoanguka, kumpitia mtu kwa gari, kupokea simu, kudaka lugha mtaani bila kwenda darasani. Biashara iliyokuwa imelala ikianza kuchangamka, nayo husemwa imepick up. Kijana akimwandikia mwenyeji wake wa London "please pick me", mwenyeji anaweza kusoma "tafadhali nichague". Steji ya Mbotela hakuna atakayekosea maana, lakini kwenye mtihani au barua ya kazi kijineno hicho kimoja kina uzito.

Njia rahisi ya kukikumbuka imo katika Kiswahili chenyewe. Kabla ya kuandika, jiulize ni kitenzi gani cha Kiswahili ulicho nacho moyoni. Kikiwa chagua au chuma, andika pick. Kikiwa okota, inua, chukua, pitia au pokea, ongeza up. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuishika kanuni hiyo kwa dakika tano.

Mtaa wa Mbotela, wenye steji ile, umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1934. Watoto wa mtaa wenye jina la ukoo huo hawastahili kuambiwa kwamba Kiswahili chao kinaharibu Kiingereza. Walimu, msiwakemee kwa kusema "nipick". Waulizeni kwanza wanamaanisha nini kwa Kiswahili, kisha waonyesheni mahali pa up. Anayeijua vizuri lugha yake ana pa kuanzia anapojifunza ya mwenzake.