Dawa za TB na Vidonge vya Kupanga Uzazi
Mama, ukiwa unameza vidonge vya kupanga uzazi kisha ukaanzishiwa dawa za TB, mwambie daktari mapema. Ndani ya chembe za ini mna protini, iliyotambuliwa mwaka 1998, ambayo hupokea homoni za jamii ya steroidi. Rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe mwekundu, nayo huishika protini hiyo na kuiamsha. Hapo ini hutengeneza kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa. Basi homoni za kidonge humalizwa upesi, na mimba yaweza kuingia hata kama hukusahau kumeza siku moja. Vijiti vya mkononi pia hupungua nguvu, koili haidhuriki. Dawa za TB usiache, jamani! Badilisha njia ya uzazi mpaka wiki 4 zipite baada ya kumaliza rifampisini.