Kuipandisha Tovuti Pasipo Kumlipa Mtu

Siku hizi wazazi wetu wengi wenye biashara wana tovuti, lakini kuwa nayo ni jambo moja na kuonekana ni jambo jingine. Mtu atafutaye kitu katika Google hupewa orodha ndefu, naye husoma majina machache ya juu, akaacha. Aliye chini ni kama mwenye duka la uchochoroni lisilo na kibao. Ndipo huja watu wasemao, "Nilipe, nami nitakuweka wa kwanza." Fedha hizo pengine zilikuwa za mbolea. Nao Google wenyewe wameandika kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza, wala hawapokei malipo ili kumpandisha mtu katika orodha ya kawaida. Kinachouzwa ni matangazo, nayo huwekewa alama. Sisi wa Kidato cha Nne tukirudi nyumbani ndio tutakaoulizwa habari hizi, basi yafaa tuzijue.

Google ina programu ziitwazo roboti, ambazo hupita ukurasa hata ukurasa kwa kufuata viungo, zikiyasoma maneno ili yawekwe katika faharasa. Mtu aulizapo, Google haizunguki dunia nzima saa ile, bali hufungua faharasa yake. Ukurasa usiomo humo hauwezi kuonekana, hata ukiwa mzuri namna gani. Kuna huduma isiyo na malipo, Google Search Console, ambayo humwonyesha mwenye tovuti kurasa zilizomo na zisizomo, na maneno yaliyowaleta watu kwake. Ikiwa hakuna ukurasa hata mmoja, atazame kama fundi hakusahau amri ya noindex, ambayo huzuia ukurasa usiingizwe katika faharasa.

Lakini kazi kubwa ni maneno. Tuseme mzee mmoja wa Njombe auza miche ya parachichi. Kichwa cha ukurasa wake ni "Karibu" tu, na yaliyobaki ni Kiingereza cha maringo. Mkulima wa Rungwe ataandika "bei ya miche ya parachichi". Ikiwa mzee hakuyaandika maneno hayo popote, watakutanaje? Kichwa na kiwe "Miche ya Parachichi ya Hass, Njombe". Kisha aeleze bei, umri wa miche, jinsi ya kuisafirisha, na nafasi ya kuacha kati ya mti na mti. Maswali anayoulizwa kwa simu kila siku ndiyo makala zake, na kila swali kubwa lipewe ukurasa wake. Mimi naona hapa Kiswahili ni faida, maana walioyajibu maswali hayo vizuri kwa lugha yetu bado ni wachache.

Wako wanaorudia neno moja mara mia, au kuandika maneno meupe mahali peupe ili roboti isome na mtu asione. Huo ni ujanja wa zamani, na tovuti yaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwa sababu yake.

Viungo navyo vina uzito. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walikitazama kiungo kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimiwa walizidi kuithamini. Basi mzee wetu na aombe chama chake cha ushirika kiitaje tovuti yake, au shule iliyopanda miche yake. Asinunue viungo: mwaka 2012 Google ilileta badiliko liitwalo Penguin, na tovuti nyingi zilizotegemea viungo vya namna hiyo zilianguka.

Picha zipunguzwe uzito, kwa kuwa wateja wengi hutumia simu, na roboti nazo husoma ukurasa kama unavyoonekana katika simu.

Mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi. Kwa hiyo mzee awe na daftari, aandike tarehe na alichobadilisha, kisha angoje majuma machache kabla ya kugusa kingine, apate kujua ni kipi kilichomletea wateja.