Mtoto Asiyetulia: Ni Mgonjwa au Ni Mkaidi?



Mwezi uliopita mama mmoja Mkristu wa Soweto, hapa Mbeya, alinijia baada ya Misa, naye amemshika mkono mwanawe wa miaka tisa kama mtu amshikaye mbuzi asikimbie. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimechoka. Shuleni wanamchapa, nyumbani babake anamchapa, na bibi yake ataka apelekwe kwa mganga akatolewe mashetani. Nesi mmoja ameniambia kwamba huu ni ugonjwa. Je, ni kweli, au ni maneno ya Wazungu?"

Siku ile sikuweza kumjibu. Maana mtoto huyo nilimjua. Alikuwa katika mafundisho yangu ya Komunyo ya Kwanza, na mara mbili nilikuwa nimemtoa nje kwa fimbo, kwa kuwa hujibu kabla swali halijaisha, huinuka wenzake wakiwa wamekaa, hupoteza kitabu, na sala aliyoisema jana bila kosa leo haikumbuki. Basi nikamwomba mama anipe muda, nikaenda kuuliza kwa wenye elimu.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1798 daktari Mskoti, Alexander Crichton, aliandika habari za watu wasioweza kushika jambo moja kwa fikira zao. Mwaka 1902 Daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London juu ya watoto ambao akili zao ni timamu, lakini hawawezi kujizuia. Tena mwaka 1937 Daktari Charles Bradley wa Marekani aliwapa watoto wa hospitali yake dawa ya kuchangamsha mwili, akastaajabu kuona wengi wao wanatulia na kushika masomo. Na Shirika la Afya Duniani limeuandika ugonjwa huu, yaani wa kukosa uangalifu na utulivu, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Wako wanaokana, wakisema hakuna kipimo cha damu kiwezacho kuuonyesha. Hilo ni kweli. Lakini hata kifafa, ambacho hakuna anayekikana, daktari hukitambua zaidi kwa kusikiliza habari za waliomwona mgonjwa. Tena wataalamu wamewachunguza pacha: wale wafananao kabisa hushiriki ugonjwa huu mara nyingi kuliko pacha wasiofanana. Hapo twaona kwamba sehemu kubwa yatoka katika damu ya ukoo, wala si malezi mabaya tu. Mama wangapi wamelaumiwa bure!

Wala si ugonjwa wa Ulaya peke yake. Madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, wameukuta kwa watoto waliokuja kutibiwa kwao. Huko huko Mulago walifuatwa watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani, na baada ya miaka miwili karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu wa akili, hasa katika uangalifu. Nilipomsimulia mama habari hii alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mwanawe alipokuwa na miaka minne alilazwa kwa malaria, akashikwa na degedege, asijitambue siku mbili. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Daktari ndiye wa kusema.

Lakini tusikimbilie kumwita kila mtundu mgonjwa. Madaktari hutaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zidumu miezi sita na zaidi, zionekane nyumbani na shuleni pia, na zimzuie mtoto kuishi na kujifunza kama wenzake. Mtoto mwenye usaha masikioni haangalii, kwa kuwa hasikii. Mwenye njaa haangalii. Imeonekana pia katika nchi kadhaa kwamba walio wadogo kuliko wote darasani huitwa wagonjwa mara nyingi kuliko wakubwa, kumbe ni umri tu! Na katika darasa la watoto 80, ni nani asiyegeuka nyuma?

Kuhusu mashetani, mimi sikani kwamba shetani yupo. Nasema tu kwamba hana haja ya kumpotezea mtoto kalamu.

Dawa zipo, mojawapo ni methilfenideti. Haziondoi ugonjwa, ila hupunguza dalili, nazo zaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi. Kwa hiyo hazitolewi pasipo daktari. Pamoja na dawa, au kabla yake kwa walio wadogo, wazazi na walimu hufundishwa kutoa agizo moja moja, fupi, na kusifu upesi lililofanywa vema.

Yule mama amekwenda hospitali pamoja na baba, wakachukua madaftari ya mtoto na barua ya mwalimu wake wa shule, nao wametakiwa kurudi mwezi ujao. Bibi bado hajakubali. Mimi nimemwomba mtoto radhi mbele ya wenzake. Hakunisikiliza sana, alikuwa akitazama ndege juu ya paa. Sasa hukaa benchi la mbele, namwuliza swali moja, kisha namtuma kuchota maji, akirudi namwuliza la pili. Amezishika Amri sita. Jumamosi alipoteza kitabu tena, kikaonekana bandani mwa kuku wa jirani, na tangu siku hiyo namwekea mimi.