Kanjogera, Mama wa Mfalme

Sisi tukaao Goma twawaona jirani zetu wa Rwanda kila siku, maana mpaka ndio utengao Goma na Gisenyi. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao habari za Kanjogera, mwanamke aliyeshika enzi ya nchi ile?

Katika Rwanda ya zamani mfalme hakutawala peke yake, bali pamoja na mamaye. Basi Mfalme Rwabugiri alipomweka mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi, mama mzazi wa kijana huyo alikuwa amekwisha kufa. Rwabugiri akamchagua mkewe mwingine, Kanjogera wa ukoo wa Wabega, awe mahali pa mama. Kumbe Kanjogera naye alikuwa na mwana wake mdogo, Musinga.

Rwabugiri alifariki mwaka 1895, katika safari ya vita dhidi ya Washi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, Kanjogera na nduguze Kabare na Ruhinankiko walimpindua Rutarindwa huko Rucunshu. Alipoona ameshindwa, Rutarindwa alijiteketeza kwa moto ndani ya nyumba yake. Musinga akatawazwa kwa jina la Yuhi V, na mamaye akaitwa Nyirayuhi.

Karne moja kabla yake, mwaka 1796, alikufa Catherine II wa Urusi, aliyempindua mumewe Peter III mwaka 1762. Yeye alitawala miaka 34 kwa jina lake mwenyewe. Kanjogera alitawala kwa jina la mtoto: Mapadre Weupe walipofika Nyanza mwaka 1900, Musinga alikuwa kijana bado, na neno zito barazani lilikuwa la mama na nduguze.

Enzi hiyo iliishaje? Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga, wakamtawaza mwanawe Rudahigwa. Musinga alihamishiwa Kamembe, kusini mwa Ziwa Kivu, na mama yake pamoja naye. Kanjogera alifariki mwaka 1933. Musinga alipelekwa baadaye Moba, katika Kongo yetu, akafa huko mwaka 1944.

Wasomaji wapenzi, watu husifu akili na ushupavu wa Kanjogera, nao hawakosei. Lakini tusisahau kwamba Rutarindwa alikuwa amana mikononi mwake. Katika nyumba zetu wamo watoto wengi walioachiwa mama mwingine. Hao hawana kiti cha enzi cha kunyang'anywa. Wana sahani ya chakula, ada ya shule na nafasi yao mezani. Ampendaye mwanawe asimjengee juu ya haki ya yatima.