Babu wa Viazi, Babu wa Nazi

Katika ukoo wetu, khitma ya arobaini ndiyo humaliza msiba. Watu hula pilau, hesabu ya rambirambi husomwa, kila mtu hurudi kwake. Ya babu ilipokwisha, shangazi mkubwa alikataa kuanua matanga. Alisema kaburi lake pale Kisarawe tunalijua sote, ila kazi yake hatuijui. Mtu aliyeishi njiani afuatwe njiani, toka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Wazee wakakubali, nami nikakabidhiwa kushika mchango.

Babu aliingia kwenye lori mwaka 1966, akiwa utingo. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa tele, na sababu yake ilikuwa mbali na Kisarawe. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza. Zambia haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yakipita kwa reli katika nchi hiyohiyo ya Smith. Njia ikafungwa, huku migodi ya shaba ikidai mafuta. Mapipa yakaanza kupakiwa Dar es Salaam. Mengine yalikwenda kwa ndege, mengine kwa malori, nayo malori yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa udongo mtupu, kiangazi vumbi, masika tope. Magazeti ya Kiingereza yaliibandika jina la njia ya jehanamu.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, liliyapokea mafuta. Lami ilifuata kwa msaada wa Marekani na mikopo ya Benki ya Dunia, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina ikakabidhiwa mwaka 1976. Shehena haikukauka hata hivyo, na babu, ambaye sasa alikuwa dereva kamili, alibaki kwenye usukani mpaka macho yalipomkatalia.

Tulikodi Kosta yenye madereva wawili, tukaondoka alfajiri. Morogoro tulinywa chai tu. Mikumi, ambako barabara hukata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, watoto walihesabu swala na twiga, na dereva akawasomea lile bango la faini, kila mnyama na bei yake kwa atakayemgonga. Ruaha Mbuyuni tukapakia vitunguu, maana hakuna apitaye pale mikono mitupu.

Kabla ya mpando wa Kitonga, baba mkubwa aliomba gari lisimame. Yeye likizo za shule alizimalizia kwenye lori la babu, kwa hiyo pale ndipo palipokuwa darasa lake. Akatuonyesha malori yanavyojikongoja kwenye kona, na matawi mabichi yaliyotandazwa lamini. Matawi hayo ni taarifa kwamba mbele kuna gari limekufa, na kila dereva wa njia hii huyasoma hata usiku. Akatueleza kanuni ya babu: gia uliyopandia ndiyo utakayoteremkia. Anayeteremka kwa kutegemea breki peke yake huzichemsha hadi zinakataa kushika, na hapo hakuna wa kumsaidia.

Na utingo je? Enzi zile, lori lenye mzigo likipanda, utingo hakukaa ndani. Alitembea kwa miguu sambamba na tairi la nyuma, gogo mkononi. Injini ikizima, analisukumia gogo chini ya tairi kabla lori halijaanza kurudi.

"Na likirudi haraka?" akauliza mdogo wetu mmoja.

"Ndiyo hicho kidole cha babu yako," baba mkubwa akamjibu.

Sote tulikijua kidole kile kilichokatika. Tulikuwa tumeambiwa ni panga.

Tulilala Iringa, kesho yake tukafika Makambako, na hapo ndipo palipokuwa na uzito wa safari. Bibi mdogo anaishi Makambako. Ni mke wa ndoa, na babu hakuwahi kumficha, lakini nyumba hizi mbili zilikuwa zikikutana kwenye misiba tu. Shangazi mkubwa, ambaye kwa heshima ya marehemu mama yake hakuwahi kukanyaga pale, ndiye aliyetangulia mlangoni, akavua viatu, akapiga hodi.

Baada ya chakula mazungumzo yakawa ya vyakula. Sisi wa nyumba ya Temeke, Dar es Salaam, tulikuzwa na babu wa viazi. Kila aliporudi alishusha gunia la viazi vya Nyanda za Juu, maharage na vitunguu. Wenzetu wa Makambako walikuzwa na babu wa nazi. Kwao alishusha nazi, chumvi na papa mkavu, na kwenye baridi ile walikula wali wa nazi kama watu wa pwani. Kila nyumba iliamini kwamba babu ana asili ya ukarimu na kwamba zawadi zile zinatoka kwa rafiki zake. Kumbe gunia la kila upande lilikuwa likifungwa na mke wa upande mwingine. Bibi mdogo alisema bibi yetu alikuwa akimtumia na vitenge, naye akimrudishia asali. Wake wenza hao walisalimiana miaka mingi kupitia tela la lori, bila watoto wao kujua.

Bibi mdogo akapanda Kosta, akaketi kiti cha mbele na shangazi hadi Tunduma. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa pale mwaka 2019 ili malori yakaguliwe mara moja badala ya mbili, lakini foleni bado unaiona. Hatukwenda na shada la maua. Tulinunua chai na chapati, tukawagawia madereva na matingo kwa sadaka, kisha baba mdogo wa Makambako akaongoza Fatiha kando ya barabara. Madereva kadhaa walishuka wakaitikia amini.

Wanaotaka kufanya safari ya namna hii wananiuliza kuhusu fedha. Mchango ushikwe na mtu mmoja na hesabu ionekane kwenye kundi la simu, wazee wapewe viti vya mbele, na usiku mlale. Hayo ni mepesi. Lililo gumu ni orodha ya abiria. Kama mzee wenu alikuwa mtu wa lori, wa reli au wa jahazi, basi huenda alikuwa na watu mwisho wa njia, nao walimjua kwa upande ambao ninyi hamkuuona. Wapigieni simu mapema, wangali na nguvu za kupanda gari, na msikodi Kosta kabla hamjahesabu viti vyao.